Toni Kroos, Kiungo Aliyewapa Wenzake Muda

Saa za Sochi zinalingana na saa zetu, kwa hiyo mchezo wa Ujerumani na Sweden wa tarehe 23 Juni 2018 ulipoanza saa tatu usiku kule kando ya Bahari Nyeusi, nasi huku Tanga tulikuwa tumekwisha kula na tumebanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza, macho yote ukutani. Ujerumani walikuwa mabingwa watetezi wa Kombe la Dunia, na tayari Mexico walikuwa wamewafunga bao 1–0 katika mchezo wa kwanza. Katika dakika ya 32 Toni Kroos, ambaye kwa miaka minne nilikuwa nikiwahakikishia watu wa kibanda kile kwamba ndiye mchezaji asiyepoteza mpira, alipiga pasi mbovu katikati ya uwanja. Wasweden wakainasa, mpira ukapelekwa mbele, na Ola Toivonen akaubetua juu ya kipa Manuel Neuer. Vichwa vyote vilinigeukia, nami sikuwa na la kujibu.

Marco Reus alisawazisha mara tu baada ya mapumziko, Jérôme Boateng akatolewa kwa kadi nyekundu katika dakika ya 82, na sare ingewaacha mabingwa wakitegemea matokeo ya wengine. Kisha, katika dakika ya tano ya muda wa nyongeza, Timo Werner aliangushwa upande wa kushoto, nje kidogo ya kumi na nane, yaani eneo la penalti. Pembe ilikuwa finyu, na wapigaji wengi wangeumwaga mpira ule katikati kutafuta vichwa vya wenzao. Kroos alimgusia Reus, Reus akautuliza kwa unyayo, na Kroos akaupiga kwa mguu wa kulia, ukapinda na kuingia kwenye kona ya mbali ya lango huku kipa Robin Olsen akijinyoosha bila kuufikia. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua.

Bao lile limerudiwa kwenye luninga mara nyingi, lakini kilichonikaa moyoni ni zile dakika sitini na kitu zilizolitangulia. Mchezaji aliyeigharimu timu yake bao mbele ya dunia nzima mara nyingi hujificha. Husimama nyuma ya mgongo wa mpinzani ili asipasiwe, hukimbia sana mahali ambapo hakuna mpira, na kila anapoupata huurudisha kwa aliyempa. Kroos hakujificha. Aliendelea kushuka hadi kwa mabeki wake, kuuomba mpira na kuugawa kulia na kushoto kana kwamba deni lile ni lake peke yake, na kwamba lazima alilipe kwa sarafu ile ile aliyokopea, yaani pasi. Siku nne baadaye Ujerumani walifungwa 2–0 na Korea Kusini mjini Kazan na kutolewa katika hatua ya makundi, hivyo bao la Sochi halikuwafikisha popote. Kwangu mimi thamani yake haikupungua.

Nilicheza kiungo katika timu za mtaani tangu nikiwa shule ya msingi hadi goti liliponikataza, na ndiyo sababu ninaandika juu ya mtu huyu kwa mapenzi nisiyotaka kuyaficha. Watazamaji wengi humpima mchezaji wa kati kwa mabao, kwa chenga, au kwa namna anavyojirusha kukaba. Mimi ninaamini kwamba kazi yake ya kwanza ni kuwapa wenzake muda. Beki anayekimbiliwa na washambuliaji wawili hana muda. Winga anayepokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, huku beki akimpumulia shingoni, hana muda. Kiungo hodari huuchukua mpira mahali ambapo muda umekwisha na kuupeleka mahali ambapo muda bado upo, na huufikisha kwenye mguu sahihi, kwa kasi sahihi, ili anayeupokea asilazimike kuupoteza ule muda kwa kuutuliza. Kroos aliifanya kazi hiyo kwa karibu miaka kumi na saba katika viwango vya juu kabisa, na sijaona aliyeifanya kwa usafi kama wake.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1990 mjini Greifswald, karibu na Bahari ya Baltiki, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa miezi miwili kabla, na nchi aliyozaliwa ilikuwa imebakiza miezi tisa tu ya uhai wake kabla ya kuunganishwa na ile ya Magharibi tarehe 3 Oktoba. Mama yake, Birgit, alikuwa bingwa katika mchezo wa vinyoya, na baba yake, Roland, alikuwa kocha wa mpira wa miguu. Mdogo wake, Felix, naye alikuja kuwa kiungo wa kulipwa. Toni alianzia timu ya nyumbani Greifswald, akaenda Hansa Rostock, na mwaka 2006, akiwa na miaka 16, akachukuliwa na Bayern München.

Kuna jambo moja la kalenda ambalo kila nikilifikiria hunisisimua. Tarehe 8 Julai 1990 Ujerumani Magharibi, chini ya nahodha Lothar Matthäus, walitwaa Kombe la Dunia mjini Roma kwa kuifunga Argentina 1–0, wakati Kroos akiwa mtoto wa miezi sita katika ile Ujerumani nyingine. Miaka 24 baadaye, siku ile ile ya tarehe 8 Julai, alisimama katika uwanja wa Belo Horizonte, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, akiwa mchezaji pekee wa kikosi cha Ujerumani aliyezaliwa upande wa Mashariki. Michael Ballack, kiungo mkubwa wa Mashariki aliyemtangulia, alikuwa ameikosa fainali ya mwaka 2002 kwa sababu ya kadi ya njano aliyoipata katika nusu fainali. Mlango wa ubingwa wa dunia ulikuja kufunguliwa na mtoto wa Greifswald.

Kipaji chake kilijulikana mapema. Mwaka 2007 kule Korea Kusini alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana walio chini ya miaka 17, mashindano ambayo Nigeria waliyatwaa na Ujerumani wakamaliza wa tatu. Mwezi Septemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 17, aliingia akitokea benchi katika mchezo wa Bayern dhidi ya Energie Cottbus, na ndani ya dakika chache akawa amempa Miroslav Klose pasi za mabao mawili. Hata hivyo Bayern ilijaa wakubwa, naye akapelekwa Bayer Leverkusen kwa mkopo kuanzia Januari 2009. Huko, chini ya kocha Jupp Heynckes, alipata kile ambacho kijana yeyote mwenye kipaji anakihitaji kuliko sifa, yaani mechi za kucheza kila wiki. Aliporudi alikuwa mchezaji wa timu ya taifa, na katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini la mwaka 2010 aliingia kama mchezaji wa akiba. Katika nusu fainali na Hispania alipata nafasi nzuri ya kufunga, kipa Iker Casillas akaiokoa.

Miaka yake ya Bayern ina kidonda kimoja ambacho mashabiki wa klabu ile hawakukisahau upesi. Tarehe 19 Mei 2012 fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ilichezwa katika uwanja wao wenyewe mjini München, Chelsea wakasawazisha mwishoni, na mambo yakaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Kroos hakuwa miongoni mwa wapigaji watano wa Bayern, ilhali kipa Neuer alikuwamo. Bayern walishindwa, na kwa muda mrefu maswali yalimwandama kijana yule kuhusu ujasiri wake. Mwaka uliofuata Bayern walitwaa mataji matatu makubwa, lakini yeye aliumia mwanzoni mwa Aprili katika robo fainali na Juventus, hivyo fainali ya Wembley dhidi ya Borussia Dortmund aliishuhudia akiwa majeruhi. Medali anayo, ila ninaamini mchezaji wa aina yake haridhiki na medali ambayo mguu wake haukuichezea fainali.

Kisha ukaja mwaka 2014. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na nusu fainali ya Brazil na Ujerumani ilianza saa tano usiku kwa saa zetu, kwa hiyo tuliotoka tarawehe tulikuwa na wasaa wa kunywa chai kabla ya kujipanga kibandani. Kila mtu anakumbuka matokeo ya 7–1. Wachache wanakumbuka kwamba Kroos alifunga mabao mawili ndani ya sekunde 69. La kwanza alilipiga kwa mguu wa kushoto, krosi ya Philipp Lahm ilipompita Thomas Müller na kumkuta yeye akija kwa nyuma. La pili ndilo ninalolipenda zaidi: Brazil walikuwa wamekwisha kuanza upya kutoka katikati, Kroos akampokonya Fernandinho mpira, akampasia Sami Khedira, Khedira angeweza kufunga lakini akamrudishia, na lango lilikuwa wazi. Aliyezoea kuwapa wengine muda safari hii aliunyakua muda wa mpinzani kwa mikono miwili.

Katika fainali ya Maracanã siku tano baadaye alikaribia kuharibu kila kitu. Alirudisha mpira nyuma kwa kichwa bila kutazama, ukamkuta Gonzalo Higuaín wa Argentina akiwa peke yake na Neuer, na Higuaín akaupiga nje. Mario Götze alifunga katika dakika ya 113, na Ujerumani wakawa mabingwa. Nayataja makosa yake kwa makusudi, kwa sababu sifa za mtu zinazoandikwa bila makosa yake huwa hazimfundishi kitu kijana anayesoma.

Bayern na Kroos hawakuafikiana kuhusu mkataba mpya, na wiki ile ile ya ubingwa aliuzwa Real Madrid kwa ada iliyotajwa kuwa kiasi cha euro milioni 25. Kwa bei za wachezaji wa wakati ule, na zaidi kwa hizi za leo, sijui kama Real waliwahi kununua kwa faida zaidi ya hapo. Alikaa nao miaka kumi, akacheza mechi 465, akatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mara tano akiwa nao, mwaka 2016, 2017, 2018, 2022 na 2024, na ubingwa wa Hispania mara nne. Ukiongeza ule wa Bayern wa mwaka 2013, ana mataji sita ya Ulaya.

Ninapenda kusimama kidogo kwenye mahali alipokuwa akichezea pale Madrid, maana hapo ndipo pana elimu. Kocha Zinédine Zidane alipompanga Casemiro mbele ya mabeki wa kati, Luka Modrić kulia na Kroos kushoto, Kroos alijenga tabia ya kushuka hadi kwenye nafasi iliyo kati ya beki wa kati na beki wa kushoto. Marcelo, aliyekuwa beki wa kushoto kwa jina tu kila timu iliposhambulia, alipanda juu bila hofu kwa sababu alijua nyuma yake pana mtu. Mpinzani alibaki na swali gumu. Kumfuata Kroos kule chini ni kuacha uwazi katikati kwa Modrić. Kumwacha ni kumpa nafasi ya kuinua kichwa, na Kroos akiinua kichwa uwanja wote unakuwa wake. Kutoka pale alipiga zile pasi ndefu za kuhamisha mchezo, kutoka kushoto kwenda kulia, mpira ukitua kwenye njia ya beki wa kulia bila kumlazimisha kupunguza mwendo. Hakuwa na mbio na hakuwa mkabaji wa kutisha. Mwili wake haukuwa wa ajabu kwa namna yoyote, ila alikuwa amekwisha kuamua afanye nini kabla mpira haujamfikia.

Nyumbani kwao hawakumwelewa wote. Wako waliomwita kwa jina la dhihaka lenye maana ya Toni wa pasi za pembeni, na mwaka 2021, Ujerumani walipotolewa na Uingereza katika Kombe la Ulaya, Uli Hoeneß, rais wa heshima wa Bayern, alisema hadharani kwamba uchezaji wake huo umepitwa na wakati. Kroos alikuwa ametangaza kustaafu timu ya taifa akiwa na mechi 106. Lawama ile iliniudhi wakati ule, na bado inaniudhi. Pasi ya pembeni si woga kama anayeipiga anajua ni mpinzani gani anayemsogeza kwayo. Ni sawa na mvuvi anayezungusha wavu taratibu. Aliyeko ufukweni huona mtumbwi unaenda pembeni, samaki ndiye anayejua kinachoendelea.

Ushahidi wangu ni wa tarehe 30 Aprili 2024, katika nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa, uwanjani kwa Bayern kule kule. Bayern walikuwa wamewabana Real tangu filimbi ya kwanza. Katika dakika ya 24 Kroos akapata mpira karibu na mstari wa kati. Vinícius Júnior alishuka kuelekea kwake kana kwamba anauomba miguuni, na beki Kim Min-jae akamfuata. Kroos akanyoosha mkono kumwonyesha mwenzake uwazi ulioachwa nyuma ya beki, mbele ya macho ya watu wote, kisha akaupenyeza mpira katikati ya mabeki kwa kasi iliyopimwa, hata Vinícius alipogeuka na kukimbia akaukuta umemtangulia hatua chache tu, akamfunga Neuer. Mchezo uliisha 2–2, na Real wakasonga mbele katika mchezo wa marudiano. Ninaitazama pasi ile mara kwa mara. Alimwonyesha adui mahali atakapompiga, na bado adui akachelewa.

Wakati huo alikuwa amekwisha kukubali ombi la kocha Julian Nagelsmann la kurudi timu ya taifa kwa ajili ya Kombe la Ulaya ambalo Ujerumani walikuwa wenyeji. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa na Ufaransa mjini Lyon tarehe 23 Machi 2024. Mpira ulipoanzishwa, Kroos aliupiga mrefu mbele, Florian Wirtz akaupokea na kufunga, na saa ilionyesha sekunde 7. Karibu miaka mitatu hakuwapo, na mguso wake wa mwanzo mwanzo ukawa bao.

Mwezi Mei alitangaza kwamba atatundika daluga baada ya mashindano hayo. Alikuwa na miaka 34, bado anaanza katika kikosi cha kwanza cha klabu kubwa, na hakuna aliyekuwa akimsukuma atoke. Aliwaaga mashabiki wa Bernabéu, uwanja wa Real, katika mchezo wa sare ya 0–0 na Betis, akawakumbatia watoto wake kando ya uwanja huku wakilia. Siku saba baadaye, tarehe 1 Juni, alicheza mechi yake ya mwisho ya klabu pale Wembley, uwanja ule ule alioukosa kwa jeraha mwaka 2013, na mpinzani akiwa yule yule, Dortmund. Real walishinda 2–0. Bao la kwanza lilitokana na kona aliyoipiga Kroos, Dani Carvajal akaiunganisha kwa kichwa.

Katika ufunguzi wa Kombe la Ulaya mjini München, Ujerumani waliifunga Scotland 5–1, na kati ya pasi 102 alizopiga Kroos, 101 ziliwafikia wenzake. Lakini mwisho wake haukuwa wa furaha. Tarehe 5 Julai mjini Stuttgart, katika robo fainali na Hispania, alimwingilia Pedri vibaya katika dakika za mwanzo, na kijana yule akashindwa kuendelea. Aliyeingia badala yake alikuwa Dani Olmo, ambaye alifunga bao la kwanza na baadaye akatoa krosi ambayo Mikel Merino aliifunga kwa kichwa katika dakika ya 119. Kosa la Sochi alipata muda wa kulilipa siku ile ile. Hili la Stuttgart hakupata muda wa kulilipa. Alimwomba Pedri radhi hadharani, na Pedri akaipokea kwa ungwana. Mechi za timu ya taifa ziliishia 114, mabao 17.

Mpwa wangu ana miaka 13 na anacheza namba nane, yaani kiungo, katika timu ya shule. Jumapili moja nilimwonyesha kwenye simu ile pasi ya München, ila nikaisimamisha picha mapema, kabla mpira haujamfikia Kroos, nikamuuliza mtu huyu anaangalia wapi. Aliisogeza simu karibu na uso. “Haangalii mpira, mjomba,” akasema. Akaniomba niirudishe nyuma zaidi, akaanza kuhesabu kwa vidole mara ambazo shingo ile iligeuka.